Maswali na majibu: Chombo kilichofungwa ndani ya chemba

Mwezi uliopita niligusia hapa, kwa kupita tu, kwamba kabla ya kushika kalamu nilikuwa fundi wa majitaka jijini Arusha, na kwamba kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupima yanavyotembea ndani ya mabomba. Sikudhani kuna mtu angejali. Kumbe! Ujumbe ulioingia umezidi ule nilioupata nilipoandika juu ya bei ya mahindi. Nimechagua michache na kufupisha iliyokuwa mirefu.

Shikamoo mzee. Nina duka Kaloleni. Vijana wenye vizibao vya kung'aa walifungua chemba mbele ya duka langu, wakaingiza chombo chenye waya, wakafunika, wakaondoka. Kila baada ya siku kumi hivi wanarudi na kompyuta. Wanapima majitaka yangu ili wanipandishie bili? (Mama Dora, Kaloleni)

Marahaba, Mama Dora. Hapana. Chombo kile hakijui duka lako wala choo chako. Kinaangalia bomba zima linalopita hapo, na kinaandika vitu viwili: kina cha maji na mwendo wake, kila baada ya dakika tano au kumi na tano, usiku na mchana. Bili ya majitaka kwa kawaida inatokana na dira yako ya majisafi. Wahandisi hukadiria kwamba asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia kwa mtu hutoka tena kama majitaka, na yanayobaki yamekwenda kwenye maua, kwenye sufuria, au yamekaukia kwenye kamba pamoja na nguo.

Wanachotafuta wale vijana ni sura ya siku. Ukichora vipimo vya siku moja kwenye karatasi unapata mstari wenye milima. Kabla ya alfajiri uko chini kabisa. Saa moja asubuhi unaruka juu, watu wanaoga na kupeleka watoto shule. Saa tano unateremka, jioni unapanda tena lakini kwa uvivu. Jumapili mlima wa asubuhi unachelewa. Mwezi wa Ramadhani, kwenye mitaa yenye Waislamu wengi, kinaota kilima kidogo kabla ya alfajiri, saa ya daku. Mimi nilifika mahali nikipewa karatasi isiyo na tarehe naweza kubahatisha ni siku gani ya wiki, na mara nyingi nilipatia.

Ila sehemu yenye siri ni kati ya saa nane na saa kumi usiku. Saa hizo mtaa wa makazi umelala, na bomba linatakiwa kuwa na michirizi tu. Ukikuta maji yanatembea kwa nguvu, tena kiangazi, jiulize ni nani anaoga. Hakuna anayeoga. Ni maji ya ardhini yanapenya kwenye maungio yaliyoachia, au ni matanki ya vyoo yasiyofunga vizuri yanayovuja usiku kucha, au ni bomba la majisafi limepasuka jirani na maji yake yamepata njia rahisi. Arusha hili ni jambo la kutazamwa kwa makini, kwa sababu mji umekatwa na mito, Themi, Naura, Goliondoi, Burka, na mabomba makubwa ya majitaka hupenda kufuata mabonde kwa kuwa maji huteremkia huko. Bomba linalolala kando ya mto lina maji nje na maji ndani. Likipata ufa, ya nje yanaingia.

Mtaani kwetu chemba inatapika kila masika. Watu hawajaongezeka, tumeandika barua mpaka tumechoka, na wakubwa wanasema bomba linatosha. Nani mwongo? (Mpangaji, Levolosi)

Pengine hakuna mwongo. Tufanye hesabu pamoja, maana hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Chukua nyumba 50. Kila nyumba watu watano, kila mtu atumie lita 100 kwa siku. Ukichukua ile asilimia 80, kila nyumba inatoa lita 400. Nyumba zote 50 zinatoa lita 20,000 kwa siku nzima. Ukigawa kwa sekunde za siku unapata robo lita kila sekunde, sawa na bomba la bafuni lililofunguliwa vizuri. Hata ukizidisha mara nne kwa ajili ya ile saa moja asubuhi, ni lita moja. Bomba la milimita 200 likilazwa kwa mteremko wa mita 1 kila mita 250 linaweza kupitisha kama lita 20 kwa sekunde likijaa. Kwa hiyo wakubwa wanaposema linatosha, wanasema kweli.

Sasa inyeshe. Mvua ya milimita 20 kwa saa moja, ambayo masika ya hapa si kioja. Paa la mita za mraba 120 linakusanya lita 2,400. Mapaa yote 50 yanakusanya lita 120,000. Yakielekezwa yote kwenye chemba za majitaka, ni majitaka ya siku sita yameingia kwa saa moja: lita 33 kila sekunde kwenye bomba la lita 20. Utasema si nyumba zote zimefanya hivyo. Haya, ziwe kumi tu. Hizo kumi zinaleta lita 24,000 ndani ya saa moja, zaidi ya vyoo, bafu na majiko ya mtaa mzima kwa siku nzima. Na bomba halijabeba maji ya nyumba 50 peke yake, limepokea mitaa ya juu pia, ambako nako kuna mapaa.

Mtandao wetu ulijengwa kwa ajili ya majitaka peke yake. Mvua ina mitaro yake. Lakini mtaro ukiziba takataka, au mwenye nyumba akisakafia uwanja wote akakosa pa kupeleka maji, fundi anamwambia, "Bosi, si kuna chemba hapa?" Dakika kumi, bomba la gata limeingia. Wengine hawaunganishi kitu, wanainua tu mfuniko mvua ikizidi, uwanja ukauke. Nimewahi kumkuta mzee mmoja amesimama na mwavuli wake, mfuniko ameuegemeza ukutani, anafagilia maji yaingie, huku ananilalamikia kwamba chemba ya chini kwa mwanawe inatapika. Nilishindwa hata kumjibu.

Kwenye karatasi ya vipimo hili linaonekana bila ubishi. Maji ya ardhini hupanda polepole, yakachukua siku kadhaa kushuka baada ya mvua kukatika. Maji ya paa yanaruka ndani ya dakika chache tangu tone la kwanza, na mvua ikikata yanaanguka upesi vilevile. Ndiyo maana pamoja na chombo cha kwenye bomba lazima uwe na kipima mvua jirani. Bila hicho unaona mlima, hujui umeota kwa nini.

Barua yenu inayofuata iandikeni tofauti. Andikeni saa mvua ilipoanza na saa chemba ilipoanza kutapika. Tarehe tatu au nne za namna hiyo zina thamani kuliko sahihi mia moja.

Nimejenga, gata zangu zinamwaga uani na mtaro wa barabarani uko mbali. Naweza kuunganisha kwenye chemba kwa muda tu? (Njiro)

Hapana. Soma jibu la juu. Nunua simtanki, vuna maji hayo, ya kufulia utakuwa nayo.

Kaka, mimi ni mwanafunzi wa ufundi bomba. Dira ya majisafi ina gurudumu ndani linalozungushwa na maji. Kwenye bomba la majitaka ambalo halijai, na lina kila kitu ndani, mnapimaje? (Sakina)

Gurudumu lingesimama siku ya kwanza, tena kabla ya chai ya saa nne. Ziko njia mbili kuu.

Ya kwanza ni kuyalazimisha maji yapite mahali penye umbo unalolijua, kisha upime kina peke yake. Kiziba, yaani kibao kilichokingamishwa kwenye maji, chenye mkato wa herufi V ndicho rahisi kuliko vyote. Mkato wa nyuzi 90, maji yakipita kwa kina cha sentimita 10 juu ya ncha ya chini, ni lita 4.4 kwa sekunde. Yakifika sentimita 20 usidhani ni mara mbili. Ni lita 24.7, karibu mara sita. Kwa hiyo ukikosea kusoma sentimita moja unakosea sana, na rula yako iwe safi. Ubaya wa V kwenye majitaka ni kwamba inakamata uchafu nyuma yake. Kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, pale mfereji wa kuingilia, utakuta zaidi mfereji uliobanwa kiunoni, ambao unapitisha taka bila kuzikamata. Unaojulikana kuliko mingine unaitwa Parshall, kwa jina la Ralph Parshall wa Colorado, Marekani, aliyeubuni miaka ya 1920. Hakuwa mtu wa majitaka. Alikuwa anatafuta namna ya kugawa maji ya umwagiliaji. Wazee wa mifongo kule Kilimanjaro, wanaogawana maji ya mfereji kwa zamu na kwa maneno makali, wangemwelewa bila mkalimani.

Njia ya pili ndiyo ya kile chombo cha Mama Dora. Kina kinajulikana kwa mgandamizo wa maji, au kwa sauti inayotumwa kutoka juu ikarudi. Ukijua kina na kipenyo cha bomba, unajua eneo la maji. Mwendo unapatikana kwa mlio: chombo kinatoa sauti tusiyoisikia, inagonga vipande vya uchafu vinavyosafiri na maji, inarudi imebadilika. Simama barabara kuu ya Moshi basi likipita linapiga honi: likija honi ni nyembamba, likishakupita inakuwa nene. Ndiyo hiyo hiyo. Na hapa kuna kichekesho, kwamba chombo hiki kinahitaji uchafu. Mpe maji masafi kabisa, hana cha kugonga, anababaika.

Zidisha eneo kwa mwendo umepata kiasi. Bomba la milimita 200 lililojaa nusu lina eneo la mita za mraba 0.0157, maji yakienda mita 0.75 kwa sekunde ni lita 12 hivi. Kama huna chombo, rangi inatosha kuanzia. Mwaga chemba ya juu, mwenzako asimame chemba ya chini na saa. Mita 30 kwa sekunde 40 ni mwendo huohuo wa 0.75. Ipo pia kanuni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyeiwasilisha mwaka 1889, inayokupa mwendo kutokana na mteremko na ukwaruzi wa bomba. Mwalimu wako atakufundisha, na mtihanini itakuja. Ila inadhani bomba ni safi na limenyooka kama kwenye mchoro, na mimi bomba la hivyo sijalikuta.

Je, chombo kinaweza kudanganya? (Bila jina)

Sana. Kuna mahali tulifunga, wiki ya kwanza safi, wiki ya pili kikaanza kusema kina kimepanda na mwendo umekufa, kama vile bomba limeziba. Mkubwa wetu akataka tuite gari la kuzibua usiku huohuo. Tulipofungua tukakuta maji yanateremka vizuri tu, na kitambuzi kimejifunga kipande cha kanga, kimekaza kama kilemba. Tukakitoa kwa ndoano, tukakimwagia maji. Maandishi yalikuwa bado yanasomeka: MDHANIAYE NDIYE SIYE. Tulicheka mpaka mlinzi wa jirani akatoka.

Tangu hapo sikuamini namba ambayo mtu hajaenda kuihakiki. Kila mara ukirudi, shusha rula pima kina kwa mkono, linganisha, safisha, ndipo uchukue data. Pampasi, taulo za kike, vitambaa vya deki na mafuta ya kukaangia yaliyoganda, hivyo vinne ndivyo vilivyotupa kazi. Mafuta hasa. Yanamwagwa yakiwa moto, yanaonekana maji, yanakwenda kugandia kwenye bomba la baridi mita hamsini mbele, kwa jirani.

Huku kwetu Moshi ni kinyume. Bomba linaziba kiangazi wakati wa mgao, masika linapona lenyewe. (Baba Elibariki, Njoro)

Ni mwendo. Ili mchanga na kinyesi visikae chini, maji yanatakiwa angalau mara moja kwa siku yafike mita 0.6 kwa sekunde. Mgao ukiwabana, mnavuta choo kwa kopo, maji hayafiki mwendo huo, uzito unabaki njiani. Masika inapiga deki. Msifurahi lakini: ina maana maji ya mvua yanaingia, na hayo yana mtu wa chini anayeyapokea.

Mimi nalima mpunga Mabogini, tunatumia maji yanayotoka mabwawa ya majitaka. Haya mambo ya kupima mtiririko mjini yananihusu nini? Na je, maji yanayotoka yana kiwango cha kisheria? (Mkulima, Mabogini)

Wewe ndiye yule mtu wa chini, na yanakuhusu kuliko wengi. Mji wa Moshi umekaa kwenye mteremko wa mlima, majitaka yanashuka kusini hadi mabwawa yaliyo kwenu, na maji yanayotoka huko yana rutuba. Hilo mnalijua. Arusha nayo mambo ni hayohayo: mabwawa ya zamani yalikuwa Lemara, mapya yako Terrat, kusini, kule ardhi inakoteremkia.

Bwawa halina mashine. Linafanya kazi kwa jua, vijidudu, mwani na kungoja. Kungoja ndiko kazi yenyewe. Gawa ujazo wa mabwawa kwa kiasi kinachoingia kila siku unapata siku ambazo maji yanakaa. Kama ni siku 20, na mvua ya mapaa ikafanya kinachoingia kiwe mara mbili, zimebaki 10. Mara nne, tano. Mayai ya minyoo hayafi kirahisi, yanazama, na ili yazame Shirika la Afya Duniani linahesabu siku 8 hadi 10 za utulivu. Zikipungua, yanatoka na maji, yanakuja shambani. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 1989 uliweka yai lisizidi moja kwa lita ya maji ya kumwagilia, na kwa mazao yanayoliwa mabichi bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa kila mililita 100.

Mpunga unapikwa, kwa hiyo mlaji yuko salama kuliko wewe unayeingia kupandikiza. Vaa buti. Nawa kwa sabuni kabla ya kula shambani, watoto wasichezee mifereji, na dawa za minyoo mmeze kwa ushauri wa zahanati. Mchicha na nyanya za kachumbari zisimwagiliwe na maji hayo. Na siku mbili tatu baada ya mvua kubwa mjini, kama unaweza kuahirisha kufungulia maji, ahirisha.

Umeuliza pia kama maji yanayotoka yana kiwango cha kisheria. Yana. Kiwango cha Tanzania kinataka oksijeni inayohitajiwa na vijidudu kula uchafu isizidi miligramu 30 kwa lita, na chembe zinazoelea zisizidi 100. Muulizeni mwenye mabwawa awaonyeshe vipimo vyake, lakini muulize pia siku ile kiliingia kiasi gani. Sampuli iliyochukuliwa Februari, mabwawa yametulia, haisemi chochote juu ya Aprili.

Fundi mambo? Kuna dili la kuzibua chemba, mwenye nyumba anatoa hela nzuri nikizama ndani. Ina kina cha kama mita tatu. Natakiwa niwe na nini? (Chalii wa Unga Limited)

Usizame.

Gesi ya chemba inanuka yai bovu ikiwa kidogo. Ikizidi, sehemu 100 kwa milioni hivi, inaua pua kwanza, husikii harufu tena, unadhani imeisha. Ikifika 700 na kuendelea unaanguka kabla hujaita mtu. Ni nzito kuliko hewa, inalala chini, na inaamka unapokoroga tope. Rafiki yako atakuona umelala ataruka kukutoa, atalala juu yako. Hivyo ndivyo wanavyokufa wawili watatu kwenye shimo moja.

Sisi wenye vipima gesi, mikanda, kamba na mtu wa juu asiyeruhusiwa kusogea, bado vyombo vingi tulivifunga kwa fimbo ndefu tukiwa juu. Zibua kwa fimbo za kuunga au gari la presha, ukiwa umesimama barabarani. Mwenye nyumba akisema lazima mtu aingie, mwambie atangulie yeye.

Sisi tunatumia shimo, gari la kunyonya linakuja mara moja kwa mwaka. Tunaingia kwenye hesabu zenu? (Moshono)

Mnaingia mlangoni kwa bwawa. Gari la lita 10,000 ni kidogo kwa ujazo, lakini tope la shimo lina uchafu mara nyingi zaidi ya majitaka ya bomba. Kila gari linatakiwa kuandikwa na kumwaga mahali palipopangwa. Dereva akimwaga kwenye chemba yoyote aliyoikuta njiani usiku, sisi tunaona kijimlima cha dakika kumi ambacho hakina maelezo.

Mkishajua kwamba mtaa fulani una maji ya mapaa, mnamjuaje mwenye paa? (Mpangaji, Levolosi, tena)

Nilijua utarudi. Kwanza unahamisha chombo chemba kwa chemba kwenda juu, mpaka mlima wa mvua upotee, unajua uko kati ya chemba mbili. Kisha unaweza kumwaga maji yenye rangi kwenye gata unayoishuku na kungoja chemba ya chini. Njia ya tatu, inayotumika nchi nyingi, ni ya moshi: unaziba bomba pande mbili, unapuliza ndani moshi usiodhuru kwa feni, halafu unatembea barabarani unaangalia juu. Nyumba iliyounganishwa vizuri moshi unatoka kwenye bomba la hewa la choo, basi. Iliyounganisha paa, moshi unatoka kwenye gata, unapanda pembeni ya bati taratibu, mchana kweupe, majirani wote wamesimama wanaangalia. Ukija kuuona kwa jirani yako usipige simu zimamoto. Ukiuona kwako, jua kwamba hutahitaji kuandikiwa barua.